Mlango wa Kushoto, Bampa la Nyuma

Alhamisi, 6 Machi

Nimegonga gari. Gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa, injini imezimwa, ndani hamna mtu. Kaka akisikia hayo atanicheka mpaka niote mvi.

Niandike kwa mpangilio, labda moyo utatulia.

Leo saa nne kasorobo mwalimu wa darasa aliniambia nijiandae, wageni wa bodi wameshafika. Nilitakiwa kusoma insha yangu ya maji mbele ya shule nzima. Wiki nzima nimekuwa nikijiambia nitaweza. Nikafungua mdomo na kilichotoka ni kwamba tumbo linaniuma. Akanitazama kidogo, akasema basi nenda ukalale chumba cha wagonjwa, Redio atasoma badala yako. (Redio ni jirani yangu wa dawati. Jina lake halisi limebaki kwenye rejista tu.)

Sikwenda chumba cha wagonjwa. Miguu ilinipeleka kwenye baiskeli ya kaka. Mlinzi alikuwa ukumbini anapanga viti, nikatoka getini kama mtu aliyetumwa.

Sikuwa na pa kwenda. Nilitaka tu niwe mbali wakati maneno yangu yanasomwa kwa sauti. Mteremko wa nyuma ya ukuta wa shule si mrefu, lakini breki za ile baiskeli ni za kuombewa dua. Akakatiza paka. Nikakata kushoto. Kushoto kulikuwa na gari. Ncha ya usukani iliingia kwenye mlango wa mbele kwa sauti ya debe kukanyagwa.

Gari la kijivu. La Mama Maktaba!

Katika magari yote ya dunia. Mama Maktaba ndiye mkutubi wetu, na ndiye mtu mzima pekee hapa shuleni ninayeweza kuongea naye bila kuyapanga maneno kwanza. Ananiazima vitabu vitano wakati sheria inasema viwili. Mchana ananiachia kiti kilicho nyuma ya kabati la atlasi, ambako hakuna anayeniona.

Ningeweza kuondoka. Hakuna aliyeona. Lakini nilikaa ukingoni mwa barabara, nikatoa daftari, nikaandika barua. Tarehe. Saa — saa nne na dakika kumi, niliitazama saa yangu. Nilikotoka. Nilikokuwa nikienda (niliandika “sijui”). Nilichogonga. Kisha aya mbili za kuomba radhi, na sahihi. Nikaibana chini ya waipa, nikarudi nikiikokota baiskeli, nikajilaza chumba cha wagonjwa kama niliyekuwepo tangu mwanzo.

Redio alipigiwa makofi. Niliyasikia kupitia ukuta.


Ijumaa, 7 Machi

Ameniita wakati wa mapumziko. Nilikuwa nimekariri namna ya kuanza kuomba msamaha. Sikufika hata neno la pili.

“Kaa, mwanangu. Umeumia?”

Hilo ndilo alilouliza kwanza! Nikalia. Akanipa kitambaa chake, akasubiri, akaendelea kugundisha jalada la kamusi lililobanduka.

Barua yangu ilikuwa juu ya meza yake. Akasema ameisoma mara tatu na haoni kosa hata moja la uandishi, ila ina kosa moja la akili. Nikauliza lipi. Akaweka kidole kwenye saa.

Kumbe ile bima tunayolipiwa na wazazi kila mwanzo wa mwaka pamoja na ada hailipi tu mwanafunzi akivunjika mkono. Inalipa pia mali ya mtu akiiharibu njiani, wakati wa kuja shule au kurudi nyumbani. Njiani tu. “Saa moja na dakika kumi ungekuwa njiani kuja shule,” alisema. “Saa nne na dakika kumi, binti yangu, hukuwa njiani kwenda popote.”

Na ikijulikana nilitoroka, ni kusimamishwa wiki mbili, na mitihani ni mwezi ujao, na mlango utalipwa na mama. Alinieleza yote hayo polepole, bila kutisha, kama anavyowaeleza kidato cha kwanza jinsi rafu zilivyopangwa.

Kisha akaichana barua. Mara mbili, vipande vinne vilivyo sawa. Yeye, ambaye huwa hachani hata bahasha kuukuu.

Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Nilimpenda kuliko siku zote. Naandika hilo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.


Jumapili, 9 Machi

Imebidi niwaambie nyumbani, maana usukani wa baiskeli umepinda na kaka si kipofu.

Alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini. “Subiri. Gari lilikuwa linakwenda?”

“Hapana.”

“Taa ilikuwa nyekundu?”

“Lilikuwa limeegeshwa, kaka.”

“Kwa hiyo gari halina kosa.” Akamgeukia mama. “Wenzake wakigonga wanakimbia. Profesa wetu kagonga, kakaa chini, kaandika insha. Alama ngapi, Profesa? Au bado inasahihishwa?”

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Halafu kicheko kikakatika, nami nikajua anahesabu pesa. Mama yangu anafua na kukunja mashuka ya hospitali. Anasimama kutwa nzima, na jioni huweka miguu kwenye beseni kabla hajasema neno. Nikawahi kumwambia bima ya shule italipa.

“Ulikuwa unakwenda shule?”

“Ndiyo, mama.”

Siku ile ya tumbo nilitupa tu neno, mdomo ulijisemea. Uongo huu nilikuwa nimeuandaa tangu asubuhi.

“Mungu ambariki mama yule,” alisema. “Mwingine angekuja hapa na polisi.”


Jumatatu, 10 Machi

Mama alipita shuleni kabla ya zamu yake kumshukuru Mama Maktaba. Alimshika mikono yote miwili. Walizungumza kama ndugu waliopoteana. Mama Maktaba akasema mnaye mtoto wa dhahabu hapa, mama akainua kidevu. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini sakafu ya maktaba ni ya zege.

Mama alipoondoka, nikaonyeshwa fomu ya madai. Ilikuwa imeshajazwa, imebaki sehemu ya mwanafunzi.

*Mali iliyoharibiwa: mlango wa mbele wa kushoto, bampa la nyuma, taa ya nyuma ya kulia.*

Nikasoma tena. Nikadhani nimeruka mstari.

“Mama,” nikasema, “mimi niligonga mlango.”

“Najua.”

Akainuka kufunga dirisha ingawa hapakuwa na upepo. Akaniambia mwezi uliopita alirudi kinyumenyume akagonga nguzo kwenye maegesho ya kliniki. Mumewe anapelekwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na siku ile alizidiwa kitini, naye akawa anamtazama yeye badala ya kioo. Bima ya gari lake ni ile ndogo, inayolipa gari la mwenzako na si lako. Taa imevunjika, na askari wa barabarani wameshamsimamisha mara mbili. Gari likizuiliwa, mzee atakwendaje?

“Kampuni haina tumbo, mwanangu. Haitalala njaa. Mimi nakufichia saa, wewe nifichie nguzo.”

Alisema kwa sauti ya utani. Alipogeuka niliona shingo yake imelowa jasho.

Nilisema nitafikiria. Akasema fikiria, hakuna haraka, na akanipa kitabu kipya ambacho hata muhuri hakijapigwa. Nimekishika hapa. Sijakifungua.


Jumatano, 12 Machi

Siwezi kusoma. Nimesoma ukurasa wa tisa mara sita. Nimechonga penseli zote za nyumbani, pamoja na za kaka za kuandikia namba za simu za wateja. Anasema nikimaliza penseli nimwachie vidole.

Redio leo darasani, bila hata kunong’ona: “Ile siku nilikuja kukuona chumba cha wagonjwa kabla sijapanda jukwaani. Kitanda kilikuwa kitupu.”

Nikasema nilikuwa chooni.

“Muda wote ule? Pole. Tumbo hilo ni la kupeleka mahakamani.”

Akacheka, akaendelea na hesabu. Sijui kama ameamini. Redio hajui kutunza kitu, na hata anapojaribu kinamtoka kwenye macho.

Sasa nina uongo wa nne. Tumbo, mama, choo, na ule wa kulala kitandani nikijifanya sijatoka. Wa tano unanisubiri kwenye fomu, na huo una sehemu ya sahihi.


Ijumaa, 14 Machi

Sikwenda maktaba. Siku ya tatu. Nimekula chakula cha mchana nyuma ya maabara, nimesimama.


Jumanne, 18 Machi

Mkadiriaji wa kampuni ya bima alikuja leo. Nilimtarajia mtu mwenye tai na sauti nene. Alikuwa mtu mfupi, mpole, suruali imefifia magotini, penseli nyuma ya sikio, na utepe wa kupimia kama wa fundi nguo. Nikamwamkia, akaitikia kwa kunitazama usoni, jambo ambalo watu wenye fomu hawafanyi.

Aliomba baiskeli. Akaniomba nisimame nayo ubavuni mwa gari, hivyohivyo nilivyokuwa siku ile. Akapima kutoka ardhini mpaka ncha ya usukani. Akapima kutoka ardhini mpaka kwenye mbonyeo wa mlango. Akaandika. Halafu akachuchumaa, akapitisha ukucha kwenye mkwaruzo, akautazama ule weusi uliobaki kwenye ukucha, akautazama mpira wa usukani. “Hawa wawili wanafahamiana,” alisema.

Mama Maktaba alicheka kwa sauti kubwa kuliko kile kilichosemwa.

Tukazunguka nyuma. Akachuchumaa tena. Alikaa pale muda mrefu. Bampa limebonyea kwenye kona kwa chini, na ndani ya mbonyeo kuna rangi ya njano, unga wake kabisa, kama chaki. Baiskeli ya kaka ni ya bluu. Sehemu ambazo si za bluu ni za kutu.

Akaomba baiskeli tena. Niliileta. Akaisogeza mbele, akairudisha nyuma, akailaza kidogo. Usukani ulikuwa juu mno. Gurudumu lilikuwa jembamba mno.

“Baada ya mlango,” aliniuliza taratibu, “ulizunguka ukaja huku?”

Nikahisi masikio yanawaka. Mama Maktaba akasema mtoto alipata mshtuko, hakumbuki vizuri, si unaona mwenyewe alivyo. Akaniwekea mkono begani. Mkono ulikuwa wa moto na mwepesi.

“Naona,” yule bwana alisema. Sijui aliona nini.

Hakuandika chochote kuhusu nyuma ya gari. Akakunja utepe. Akasema atarudi Alhamisi, na anachotaka ni maelezo yangu tu: kwa mkono wangu, kwa maneno yangu, nikiwa peke yangu na yeye. Mwenye gari atayasoma baadaye na kuweka sahihi chini. Ndivyo utaratibu wao ulivyo mwanafunzi akiwa hajafika miaka kumi na minane, ili kusiwe na mtu wa kumwandikia.

Nimetembea chumbani kutoka kitandani hadi dirishani mpaka mama akauliza kama nina wadudu.


Jumatano, 19 Machi

Jambo baya limetokea leo na hakuna aliyeliona isipokuwa mimi.

Mama Maktaba alinifuata nyuma ya maabara. Kumbe alijua muda wote nilipo. Alikuwa amebeba karatasi. Hakunilaumu kwa kukimbia maktaba. Akasema amenisaidia kuandika, mimi nikariri tu, na kesho niandike kwa mkono wangu.

Nikaisoma. Ilisema kwamba siku ya Alhamisi, saa moja na dakika kumi asubuhi, nikiwa njiani kuelekea shuleni kwa mwendo wa kasi, niligonga mlango wa gari, na katika jitihada za kujinusuru baiskeli iliserereka hadi sehemu ya nyuma na kusababisha uharibifu wa bampa na taa.

Nikatoa penseli.

“Katika jitihada za kujinusuru” ni ya magazetini, mimi nisingeandika hivyo. Nikaifuta, nikaweka “nilipojaribu kujizuia”. Paka hakuwemo kwenye karatasi yake, nikamwongeza, maana bila paka haieleweki kwa nini nilikata kushoto. Nikaona ile “kwa mwendo wa kasi” itawafanya waulize, nikaiondoa. Nikaona kwamba mtu aliyeanguka hukumbuka kitu kimoja kidogo, kwa hiyo nikaandika kwamba nilisikia kioo cha taa kikimwagika kama mchele.

Nikamrudishia. Akasoma. Macho yake yakajaa machozi, na akasema, “Nilijua utaiweka vizuri.”

Hapo ndipo nilipojielewa. Nilikuwa nimeusahihisha uongo. Nilikuwa nimeutia paka na mchele! Kwa dakika tano nzima sikuogopa chochote, nilifurahi hata, kama ninavyofurahi sentensi inapokaa. Ule wa Mama Maktaba, mkadiriaji angeubomoa kwa utepe wake. Huu wa kwangu mtu angeuamini.

Nikamwuliza mumewe anaendeleaje. Akasema leo ni siku yake, jirani amempeleka, jirani ameanza kuchoka. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa sketi yangu mwenyewe, kama mama anavyomtilia mtoto nauli.

Nyumbani kaka alikuwa ananyoosha usukani kwa kukalia gurudumu. “Profesa, kesho ukiulizwa, sema breki zilikuwa nzima. Nina jina la kulinda.”

Nikamwuliza, ghafla tu: kama ungetakiwa kusema kitu ambacho si kweli ili mtu mwema asiumie, ungesema? Akaacha kusukuma. Akaniangalia bila utani, na kaka bila utani ni mtu mwingine kabisa, anafanana na picha ya baba.

“Mwema kwako, au mwema?”

Akaendelea na gurudumu.


Alhamisi, 20 Machi

Naandika haya nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi ya karani wa mkuu wa shule. Wamenitoa. Mlango una kioo.

Mkadiriaji alinipa karatasi moja ya mistari na kalamu yake mwenyewe, akageuzia kiti chake dirishani ili asinitazame. Kwa mtu wa bima ana adabu. Nilikuwa nimekariri ile ya paka na mchele, neno kwa neno, ilikuwa inakuja yenyewe. Niliandika tarehe.

Baada ya tarehe huja saa.

Nikaandika saa nne na dakika kumi.

Baada ya hapo mkono ulikwenda peke yake. Kwamba nilikimbia kusoma mbele ya watu. Kwamba nilisema tumbo linauma na halikuuma. Kwamba sikuwa njiani kuja shule wala kurudi nyumbani. Kwamba niligonga mlango wa mbele wa kushoto, mara moja. Nikakaa. Nilitaka kuishia hapo. Ningeishia hapo ingekuwa nimesema yangu tu, ya kwake angeyasema mwenyewe. Lakini fomu ilikuwa palepale mezani, bampa limeandikwa, taa imeandikwa, na chini kuna mahali pa jina langu. Nikaandika: *Sikufika nyuma ya gari.* Maneno manne. Hayamtaji mtu. Nimeyageuza kila upande kichwani na bado yanamtaja.

Nilimpa. Akasoma yote, akarudi kwenye mstari wa saa, akaniuliza kama mama yangu anajua. Nikasema bado. Akasema atalazimika kuupa uongozi wa shule nakala. Nikasema najua. Akasema, si kwa ukali, kwamba kwa saa hiyo bima haitalipa hata ule mlango. Nikasema najua. Sauti yangu ilikuwa inasikika. Sijui ilitoka wapi. Insha ya maji ingeihitaji.

Halafu akafungua mlango akamwita mwenye gari.

Alipita karibu yangu hapo mlangoni. Alinukia gundi. “Umemaliza, mwanangu?” alisema, akanipapasa shavu kwa nyuma ya vidole, akaingia akitafuta miwani yake kwenye mkoba.

Sasa namwona. Amekaa kwenye kiti nilichokuwa nimekalia. Mkadiriaji amesimama dirishani tena, ametupa mgongo. Mama Maktaba ameweka karatasi mbali kidogo na macho, kama anavyofanya na vitabu vya maandishi madogo. Midomo inacheza. Mwanzoni alikuwa anatabasamu.

Amefika katikati. Najua kwa jinsi kichwa kinavyoshuka.

Midomo imeacha kucheza.

Ameigeuza karatasi, anatazama kule nyuma. Nyuma hakuna kitu, niliandika upande mmoja tu. Bado anaitazama. Sasa ameirudisha, amevua miwani ameifuta kwa ncha ya blauzi, ameivaa. Anaanza tena juu, kwenye tarehe.

Mkadiriaji amemsogezea kalamu.